Jifunze usanifu wa programu kwa kujenga mfumo wa kikoba: mwongozo kamili

Mtu akishaandika programu kwa mwaka mmoja au miwili, lugha huacha kumsumbua. Anajua kutengeneza fomu, kuunganisha kanzidata na kuweka mfumo hewani. Kinachomsumbua sasa ni kwamba akigusa hapa, kule kunaharibika, na ombi dogo la mteja linamla wiki nzima. Hapo ndipo usanifu unapoanza kumhusu. Wengi hukimbilia kukariri majina ya mitindo na mifumo ya matabaka, lakini majina hayo ni majibu, na jibu halimwingii mtu ambaye swali lake hajawahi kukutana nalo.

Tunashauri njia nyingine: chukua mfumo mmoja mdogo wenye kanuni za kweli, ujenge, halafu uubadilishe mara kadhaa huku ukipima kila badiliko limegusa sehemu ngapi. Kipimo hicho kimoja kitakufundisha mengi kuliko mradi mpya kila mwezi.

Mfumo tutakaotumia ni wa kikundi cha kuweka na kukopa, yaani kikoba kwa Watanzania, na kwa Wakenya ni jamaa wa karibu wa chama. Una fedha ambazo hazipaswi kupotea, kanuni zinazotofautiana kati ya kikundi na kikundi, watu zaidi ya mmoja wanaoandika kwa wakati mmoja, na malipo ya simu ambayo majibu yake huchelewa. Zaidi ya hayo, ni rahisi kumpata katibu au mweka hazina wa kukueleza kazi inavyokwenda.

Utahitaji lugha moja unayoimudu tayari (usijifunze lugha mpya kwa mradi huu), PostgreSQL (ndiyo kanzidata yetu), Git (ya kutunza historia ya msimbo), na daftari la karatasi. Tenga saa 6 hadi 8 kwa wiki kwa wiki 10 hivi.

Hatua ya 1: Kusanya kanuni kabla ya kufungua kompyuta

Omba katiba ya kikundi, kisha kaa na katibu uandike kila kanuni kwa sentensi moja. Orodha yako itafanana na hii:

- Hisa moja ni shilingi 5,000. Mwanachama hununua hisa 1 hadi 5 kila kikao.
- Kila kikao mwanachama hutoa 1,000 ya mfuko wa jamii. Fedha hizo hazikopeshwi.
- Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa za mkopaji.
- Riba ni asilimia 5 kwa mwezi, na muda ni miezi 3.
- Anayechelewa kikao hulipa faini ya 500.
- Mwisho wa mzunguko, faida hugawanywa kwa uwiano wa hisa.

Sasa uliza maswali ambayo katiba imeyanyamazia, kwa kuwa humo ndimo usanifu unamojificha. Mwanachama akirejesha pungufu, fedha inaanza kupunguza faini, riba au deni la msingi? Akijitoa katikati ya mzunguko, anapewa hisa tu au na faida? Nani ana mamlaka ya kusahihisha kosa la kikao kilichopita, na wengine watajuaje kwamba limesahihishwa? Kikao kikiahirishwa, faini ya mkopo inahesabiwa tangu tarehe ipi? Kila swali ambalo katibu analijibu kwa "inategemea" lipigie mstari. Mahali hapo pana uwezekano mkubwa wa kubadilika, na pengo lake ukiliziba kwa kubahatisha utalilipia baadaye.

Kisha fanya hesabu ya ukubwa. Watu 30, vikao 52 kwa mwaka, miamala 4 kwa kila mtu katika kikao: hiyo ni miamala 6,240 kwa mwaka kwa kikundi kimoja. Vikundi 1,000 vinafikisha milioni 6.24. Tuseme vyote vinakutana Jumamosi ileile ndani ya saa tatu: miamala 120,000 kwa sekunde 10,800, kama 11 kwa sekunde. PostgreSQL moja kwenye seva ya kawaida inaubeba mzigo huo bila jasho. Hesabu hii ya dakika tano inakuondolea miezi ya kujenga vitu usivyovihitaji. Ifanye kwa kila mfumo, na uiandike kwenye faili la maelezo ya mradi.

Hatua ya 2: Jenga toleo la kwanza moja kwa moja

Jipe wiki mbili. Andika msimbo kwa namna unayoijua leo, bila matabaka ya kupendeza: ombi linaingia, unasoma kanzidata, unapiga hesabu, unahifadhi, unarudisha ukurasa. Kusajili mwanachama, kununua hisa, kutoa mkopo, kupokea marejesho, kuonyesha salio. Basi.

Usianze na "usanifu safi" katika hatua hii. Ukigawa mfumo usioufahamu, utaweka mipaka pasipostahili, na mpaka uliokosewa ni mgumu kuuondoa kuliko msimbo uliorundikana pamoja. Ukimaliza, weka alama kwenye Git ili uweze kurudi na kulinganisha.

Hatua ya 3: Lete maombi matano, na upime

Haya ndiyo maombi. Yasome yote, lakini tekeleza moja moja, kwa mpangilio huu:

1. Kikundi kimeamua riba itozwe kwenye baki ya deni badala ya mkopo wote, kwa mikopo mipya tu.
2. Kikundi cha pili kinajiunga. Hisa yake ni 10,000 na faini yake ni 1,000.
3. Katibu amegundua kosa la vikao vitatu nyuma. Anataka kulisahihisha bila kufuta kumbukumbu.
4. Wanachama walipe kwa simu.
5. Itolewe ripoti ya mgao wa mwisho wa mzunguko.

Kabla ya kuanza kila moja, andika kwenye daftari unadhani litagusa mafaili mangapi. Ukimaliza, endesha `git diff --stat` uone idadi halisi. Andika pia kila kitu kilichoharibika ambacho hukukitarajia. Tofauti kati ya makisio na uhalisia ndiyo picha ya usichokijua kuhusu mfumo wako mwenyewe.

Tuangalie ombi la kwanza kwa karibu. Mkopo wa 300,000 kwa miezi 3, riba asilimia 5 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani riba ni 15,000 kila mwezi, jumla 45,000, na mkopaji anarejesha 345,000. Kwa kanuni mpya, akirejesha deni la msingi 100,000 kila mwezi, riba inakuwa 15,000, kisha 10,000, kisha 5,000: jumla 30,000, na marejesho yote ni 330,000. Fomula yenyewe ni mistari michache. Mbona basi badiliko linagusa ukurasa wa mkopo, ukurasa wa marejesho, ripoti, na ujumbe wa kumkumbusha mkopaji? Kwa sababu ujuzi wa "riba huhesabiwaje" umenakiliwa sehemu nne.

Mwanasayansi wa kompyuta David Parnas alilieleza jambo hili mwaka 1972: ukigawa programu kwa kufuata hatua za kazi (pokea, chakata, chapisha), uamuzi mmoja hutapakaa katika moduli nyingi, ukiigawa ili kila moduli ifiche uamuzi mmoja unaoweza kubadilika, badiliko hubaki ndani ya moduli moja. Rudi kwenye orodha uliyopigia mistari katika hatua ya 1. Kila "inategemea" inadai nyumba yake.

Ombi hilohilo lina mtego wa pili, na huo unawaumiza hata wenye uzoefu. "Kwa mikopo mipya tu." Kama kanuni ya riba inakaa kwenye mipangilio ya kikundi, siku utakayoibadilisha, mikopo yote ya zamani itahesabiwa upya na watu watajikuta wanadaiwa kiasi ambacho hawakukikubali. Kanuni iliyotumika lazima ihifadhiwe kwenye mkopo wenyewe siku ulipotolewa: aina ya riba, kiwango, muda, ratiba ya marejesho. Mpangilio unaeleza tutakavyofanya kuanzia sasa; mkataba unaeleza tulivyokubaliana. Vitu hivi viwili visikae safu moja ya jedwali, hata kama leo thamani zake zinalingana.

Hatua ya 4: Jenga leja, achana na safu ya salio

Toleo la kwanza la karibu kila mtu lina safu iitwayo salio kwenye jedwali la wanachama, na msimbo unaoiongeza na kuipunguza. Ombi la tatu litakuonyesha ubaya wake. Salio likisema 85,000 na daftari la mweka hazina likisema 80,000, huna njia ya kujua 5,000 imetoka wapi, kwa sababu historia umeifuta kila ulipoandika namba mpya juu ya ya zamani.

Tumia leja ya pande mbili, ile ile wanayoitumia wahasibu. Kila muamala una mistari miwili au zaidi, na jumla yake ni sifuri:

```
CREATE TABLE mistari_ya_leja (
  id          bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  muamala_id  bigint NOT NULL REFERENCES miamala(id),
  akaunti_id  bigint NOT NULL REFERENCES akaunti(id),
  kiasi       bigint NOT NULL CHECK (kiasi <> 0)
);
```

Mwanachama akilipa taslimu hisa mbili na mfuko wa jamii, unaandika: Fedha taslimu +11,000, Hisa za mwanachama −10,000, Mfuko wa jamii −1,000. Debiti tumeipa alama ya kujumlisha, krediti ya kutoa. Salio la akaunti yoyote ni jumla ya mistari yake. Kusahihisha kosa ni kuandika muamala mpya wenye alama zilizogeuzwa, unaoonyesha namba ya muamala unaourekebisha, nani ameuidhinisha na kwa nini. Kisha unaandika ulio sahihi. Hakuna `UPDATE` wala `DELETE` kwenye leja. Ziondoe ruhusa hizo mbili kwa mtumiaji wa kanzidata anayetumiwa na programu, ili kanuni ilindwe hata na mwenzako aliyejiunga jana.

Zingatia kwamba `CHECK` ya kawaida haioni zaidi ya mstari mmoja wa jedwali, hivyo haiwezi kuhakikisha jumla ya muamala ni sifuri. Weka fanksheni moja tu inayoandika leja, ikatae muamala usiolingana. Na ukitaka ulinzi wa pili, ongeza triga (msimbo ambao kanzidata huuendesha yenyewe) inayosubiri mwisho wa tranzaksheni, yaani kundi la maandishi ambayo kanzidata huyakubali yote au kuyakataa yote, ndiyo ikague.

Kuhusu namba zenyewe: usitumie namba za desimali zinazoelea. Katika lugha nyingi 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004, na makosa hayo hujikusanya kimyakimya. Tumia namba kamili. Amua mapema kipimo chako ni shilingi au senti: kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 4217, shilingi za Kenya na Tanzania zina desimali mbili, ilhali shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na ya Burundi hazina. Na mgawanyo una mabaki: 100,000 kwa awamu tatu ni 33,333 mara tatu, inabaki shilingi 1. Ipeleke awamu ya mwisho, na uandike jaribio linalohakikisha jumla ya awamu zote ni 100,000 kamili. Mfumo unaopoteza shilingi moja kwa kila mkopo hautafunga hesabu siku ya mgao, na siku hiyo watu 30 wamekaa mbele ya mweka hazina wakisubiri.

Kisha kuna hatari isiyoonekana ukijaribu mfumo peke yako. Mfuko una 400,000. Mwenyekiti na katibu, kila mmoja kwenye simu yake, wanaidhinisha mkopo wa 300,000 kwa wakati mmoja. Maombi yote mawili yanasoma 400,000, yote yanaona fedha inatosha, yote yanapita. Kuweka tranzaksheni peke yake hakuzuii hili, kwa kuwa kiwango cha kawaida ambacho PostgreSQL hutumia kutenganisha tranzaksheni, Read Committed, kinaruhusu wote wawili wasome kabla ya mwingine kuandika. Funga mstari wa akaunti ya mfuko kwa `SELECT ... FOR UPDATE` kabla ya kujumlisha salio, au tumia kiwango cha Serializable, ambacho matokeo yake huwa kama tranzaksheni zimepita moja moja, na urudie tranzaksheni inayokataliwa. Thibitisha kwa kufungua madirisha mawili ya psql, programu ya kuiandikia PostgreSQL amri, na kuyaendesha hatua kwa hatua. Ukiona kwa macho dirisha la pili linavyosubiri, hutasahau.

Hatua ya 5: Tenga kiini na viunganishi

Sasa una maumivu ya kutosha kuelewa kwa nini matabaka yapo. Gawa mradi katika folda tatu. *Kiini* kina kanuni za kikundi: hesabu ya riba, kikomo cha mkopo, mgao. *Matumizi* yanaongoza kazi moja nzima, kwa mfano "toa mkopo": leta data, uliza kiini, hifadhi. *Viunganishi* ni kurasa za wavuti, kanzidata, malipo ya simu na SMS.

Sheria ni moja: utegemezi unaelekea ndani. Kiunganishi kinakijua kiini. Kiini hakijui kama kuna wavuti wala PostgreSQL duniani. Mwanaprogramu Alistair Cockburn aliueleza mpangilio huu mwaka 2005 kama bandari na adapta, na fremuweki nyingi leo zina namna yake ya kuufuata. Namna ya kujikagua ni rahisi. Tafuta ndani ya folda ya kiini jina la fremuweki yako au la maktaba ya kanzidata; matokeo yawe sifuri. Kisha zima intaneti na kanzidata, uendeshe majaribio ya kiini. Yapite yote, na yasizidi sekunde moja au mbili.

Saa nayo ni kitu cha nje. Fanksheni ya faini isiulize kompyuta leo ni tarehe ngapi. Ipewe tarehe kama kigezo. Vinginevyo jaribio linalopita leo litafeli mwezi ujao. Tarehe ya kikao ihifadhiwe kama tarehe tupu, bila saa. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC, yaani saa ya kimataifa, kwa hiyo kumbukumbu iliyoandikwa saa saba na nusu usiku, Jumapili, ukiitafsiri kwa UTC inaangukia Jumamosi, na mtu anaweza kutozwa faini isiyomhusu.

Tahadhari dhidi ya kosa la upande wa pili, ambalo ni la watu wenye bidii. Ukikuta jina la mwanachama linapita katika klasi tano likinakiliwa tu, bila tabaka lolote kufanya uamuzi, matabaka hayo yanakula muda wako bure, yaunganishe. Vilevile intafesi yenye utekelezaji mmoja tu haina kazi, isipokuwa pale penye mpaka wa kweli na dunia ya nje: malipo, SMS, saa, kanzidata. Hapo inakuruhusu kuweka kibadala wakati wa majaribio.

Hatua ya 6: Malipo ya simu, mahali usanifu unapopimwa

Chukua mfano wa Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Unatuma ombi la malipo liitwalo STK Push, mteja anaona dirisha la kuweka namba ya siri, na wewe unapewa papo hapo CheckoutRequestID. Hiyo ni stakabadhi ya ombi tu. Fedha bado haijahama. Matokeo huja baadaye kwenye anwani uliyoitaja: ResultCode 0 malipo yamekamilika, 1032 mtumiaji ameghairi. Kati ya ombi na jibu, seva yako inaweza kuzimika, mtandao unaweza kukatika, na jibu linaweza kufika mara mbili. Jenga kana kwamba yote hayo yatatokea wiki hii.

Ombi la malipo lipewe hali nne: limeombwa, limelipwa, limekataliwa, halijulikani. Hiyo ya nne ndiyo wanaoanza huisahau. Kukosa jibu hakumaanishi malipo yameshindikana. Ukimwambia mwanachama "jaribu tena" ilhali fedha ilishatoka, atalipa mara mbili. Ombi lililopitisha dakika chache bila jibu liingie "halijulikani", na kazi ya nyuma iulize hali yake kwa mtoa huduma hadi ipate uhakika.

Jibu likiingia, fuata mpangilio huu:

1. Lihifadhi kama lilivyo, neno kwa neno, kwenye jedwali la majibu ghafi.
2. Mjibu mtoa huduma haraka kwamba limepokelewa.
3. Kazi ya nyuma ilisome, ilinganishe na ombi: namba ya ombi ipo? Kiasi kinalingana?
4. Ndani ya tranzaksheni moja: andika leja, badilisha hali ya ombi, na weka SMS ya shukrani kwenye jedwali la ujumbe wa kutumwa.
5. Kazi nyingine ndiyo itume SMS na kuweka alama kwamba imetumwa.

Namba ya stakabadhi ya malipo iwe na sharti la `UNIQUE` kwenye kanzidata. Jibu likija mara ya pili, kanzidata italikataa, nawe utalihesabu kuwa limeshashughulikiwa. Usitegemee kuuliza kwanza "je, ipo?" kisha kuandika, majibu mawili yakija pamoja, yote mawili yatajibiwa "haipo".

Kwa nini SMS isitumwe palepale? Kwa sababu huwezi kuirudisha. Ukiituma kabla tranzaksheni haijakamilika na ikavunjika, mwanachama ana uthibitisho wa malipo ambayo leja haiyajui. Ukiifanya sehemu ya tranzaksheni na mtoa huduma wa SMS akachelewa, umeifunga akaunti ya kikundi kwa sekunde nyingi bila sababu.

Mambo madogo ya mpakani hayaishi, na yote yamalizike kwenye kiunganishi yasiingie ndani. Namba 0712..., +255712... na 255712... ni ya mtu yuleyule: zigeuze kuwa umbo moja mara tu zinapoingia. Mwanachama anaweza kulipiwa na mumewe au mwanawe, kwa hiyo namba ya simu isiwe utambulisho wake; mpe namba ya uanachama. Na fedha iliyofika bila maelezo yanayoeleweka, au 10,000 mahali palipotarajiwa 11,000, iingie akaunti ya kusubiri hadi mweka hazina aipangie. Usiikatae, maana imeshafika. Usiibahatishie, maana ni ya mtu.

Hatua ya 7: Andika maamuzi

Tengeneza folda ya maamuzi. Kila uamuzi mkubwa faili moja, lisizidi ukurasa, lenye sehemu tatu: hali ilivyokuwa, tulichoamua, na gharama tuliyoikubali. Utaratibu huu ulielezwa na mwanaprogramu Michael Nygard mwaka 2011 na haujapitwa na wakati. Mfano:

> 004. Salio linahesabiwa kutoka kwenye leja. Hali: masahihisho ya katibu yanadai historia kamili. Uamuzi: hatuhifadhi salio, tunajumlisha mistari. Gharama: ripoti zitachelewa leja ikikua. Tutalitazama upya ukurasa wa salio ukizidi nusu sekunde.

Sehemu ya gharama ndiyo yenye thamani. Usipoweza kuijaza, hujafanya uamuzi, umefuata mkumbo. Michoro miwili inatosha: mmoja unaoonyesha mfumo na watu na huduma zinazouzunguka, wa pili unaoonyesha programu, kanzidata na kazi za nyuma. Michoro ya klasi huchakaa kabla wino haujakauka, iache.

Hatua ya 8: Soma mfumo wa wengine

Tunapendekeza SQLite, kanzidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja. Matabaka yake yanaonekana wazi: sentensi ya SQL inachanganuliwa, inageuzwa kuwa maelekezo ya mashine ya kubuni, mashine inayaendesha juu ya mti wa B (muundo wa kupanga data ili ipatikane haraka), chini yake kuna tabaka la kurasa linalolinda tranzaksheni, na chini kabisa kiunganishi cha mfumo endeshi. Andika `EXPLAIN` mbele ya sentensi yoyote uyaone maelekezo hayo yakichapishwa. Usijaribu kusoma msimbo wote. Fuata sentensi moja, tangu inapoingia hadi inapofika kwenye diski, na kila unapovuka mpaka jiulize: tabaka hili linamficha nini mwenzake wa juu? Siku nne za kazi hiyo zinatosha.

Kuhusu kugawa mfumo katika huduma ndogondogo zinazojitegemea: kwa kikoba, usigawe. Wito wa fanksheni ukigeuka kuwa wito wa mtandao unaweza kuchelewa, kupotea au kujirudia, na tranzaksheni moja ya hatua ya 6 inageuka kuwa tatizo zito. Kugawa kunaanza kulipa pale timu kadhaa zinapozuiana kuweka matoleo hewani, au sehemu moja inapohitaji uwezo wa mashine usiolingana kabisa na nyingine. Mwanaprogramu Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba mifumo hufuata umbo la mawasiliano ya watu wanaoijenga. Ukiwa peke yako, programu moja yenye moduli zilizotengwa vizuri ndilo umbo lako.

Hatua ya 9: Rudia maombi, kisha mwite mtu

Rudi kwenye ile alama ya toleo la kwanza na ulinganishe. Chukua maombi matatu mapya, mfano: kiingilio cha mwanachama mpya, mkopo wa dharura usio na riba kutoka mfuko wa jamii, na kusitisha faini wakati wa msiba. Kisia, tekeleza, pima kama ulivyofanya katika hatua ya 3.

Halafu mpe mwanaprogramu mwenzako ombi la nne, bila maelezo ya mdomo. Ana folda, ana faili za maamuzi, ana majaribio. Kaa kando, usimsaidie, uandike tu anafungua mafaili gani na kwa mpangilio upi. Akienda moja kwa moja kwenye kiini, majina yako yanaeleweka. Akizunguka katika viunganishi kwa nusu saa akitafuta kanuni ya faini, andika majina ya mafaili aliyoyafungua bure. Kesho yake anza na faili la kwanza kwenye orodha hiyo, ukitafuta ni neno gani ndani ya jina lake lililomfanya aamini kwamba kanuni iko humo.